Dakika Tano za Justin

Wanangu, kama mnasoma haya mkiwa bado na yunifomu ya buluu na nyeupe mwilini, haya ni yenu. Nilikuwa msimamizi wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Ibanda kwa miaka mingi kuliko umri wa wengi wenu. Kazi yangu ilikuwa lango, kengele, orodha ya waliofika na wasiofika, pamoja na kila jambo ambalo walimu hawakutaka kulishika. Mwanafunzi akitapika, Maman Régine. Wasichana wakigombania kiti, Maman Régine. Mzazi akija amefura kwa hasira, mwalimu anamwambia kwa upole, "Muone Maman Régine," kisha anafunga mlango.

Siku hizi niko nyumbani, ninapanda mboga nyuma ya nyumba, na bado ninaamka alfajiri bila sababu yoyote. Wajukuu wangu huniuliza maswali ya shule. Nifanye nini wakinicheka? Nifanye nini rafiki yangu akinigeuka? Nifanye nini kama darasa zima lina kikundi kwenye simu na mimi peke yangu simo? Ninawajibu kadiri ninavyojua. Lakini jibu langu refu kuliko yote ni habari ya Justin na dada yake, na ndani yake aliyekosea ni mimi. Nimeona niiandike kabla sijaanza kuisahau au, vibaya zaidi, kabla sijaanza kuitengeneza ili nionekane mzuri.

Kazi nilifundishwa na Maman Adolphine, aliyekuwa msimamizi kabla yangu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti ndogo, na shule nzima ilimwogopa. Asubuhi yangu ya kwanza alinisimamisha langoni akaniambia niangalie chini.

"Angalia viatu," alisema. "Uso ya mutoto inaweza kukudanganya. Viatu hapana."

Ni kweli. Mwenye tope jekundu mpaka kwenye soksi alitoka mtaa wa mbali, Bagira, kwa miguu. Mwenye viatu safi lakini soksi zimelowa, huyo alisimama bombani kuvisafisha kwa sababu anaona haya. Anayeburuta visigino amevaa viatu vya kaka yake. Unajua mengi kabla hata mtoto hajakuamkia.

Jambo la pili lilihusu funguo. Msimamizi anatembea na funguo nyingi, na Maman Adolphine alinifundisha kuzitikisa kila ninapokaribia vyoo au nyuma ya madarasa. Nilidhani kelele hiyo itawafukuza wale niliotaka kuwakamata. Mwaka wangu wa kwanza sikumsikiliza. Nilizishika funguo zisilie, nikanyata nyuma ya jengo kuwakamata wanaokula mandazi saa ya somo. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikateleza, nikatumbukia kwenye mtaro mpaka magotini, mbele ya wanafunzi saba wenye mandazi mdomoni. Mmoja alinivuta, mwingine akanipa nusu ya andazi lake. Siku ile sikumwadhibu mtu.

Maman Adolphine alipoona sketi yangu alisema, "Ukitaka kumukamata mutoto, nyata. Ukitaka akuambie kitu, muachie kwanza nafasi ya kupanguza macho."

Tangu siku hiyo funguo zangu zililia. Mara nyingi niliwakuta wasichana vyooni wanaosha nyuso, wanaleta kisingizio cha vumbi, nami nakubali kwamba leo kuna vumbi kweli. Kisha tunatembea pamoja polepole hadi darasani, na kabla hatujafika mlangoni ninajua kilichotokea.

Sasa nije kwa Justin.

Alifika mwanzoni mwa mwaka, akaingia mwaka wa tatu wa humanités, yaani sekondari ya juu, mwaka mmoja kabla ya mtihani wa Serikali wa kumaliza shule. Alikuwa na miaka ishirini. Wenzake walikuwa na kumi na sita, kumi na saba. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kubeba, na ndevu alizonyoa asubuhi zilikuwa zimeanza kurudi saa sita mchana. Siku ya kwanza mwalimu mpya wa fizikia aliingia darasani akamkuta amesimama karibu na ubao, anatafuta pa kukaa. Mwalimu akanyoosha tai yake, akampa mkono, akamkaribisha kwa Kifaransa kizuri sana: karibu, bwana inspekta. Justin, kwa heshima, akaupokea mkono. Darasa likaangua kicheko ambacho nilikisikia mpaka ofisini.

Kuanzia siku hiyo aliitwa Inspekta. Waliponisimulia, mimi pia nilicheka, siwafichi. Lakini mimi nilicheka mara moja nikarudi kwenye kazi zangu. Yeye alikisikia kicheko kila siku. Na zamani kicheko kilibaki shuleni, mtoto anafika nyumbani anapumzika. Siku hizi kinamfuata. Mmoja wao alitengeneza picha ya uso wa Justin, amevalishwa miwani na tai, na ikawa wanatumiana usiku na mchana kwenye kikundi cha darasa. Justin hakuwa na simu ya aina hiyo, lakini aliijua picha, kwa sababu aliona wanavyoangalia simu halafu wanamwangalia yeye.

Mimi nilimjua kwa jambo lingine. Alichelewa. Si sana: dakika tano, kila siku. Kengele ililia saa moja na nusu, nikafunga lango, na mara ninamwona anapanda kutoka kona ya chini, hakimbii, anatembea tu. Nilimpa adhabu ya kung'oa majani kuzunguka mlingoti wa bendera saa ya mapumziko. Aling'oa vizuri, na mizizi yake, kama mtu anayeijua kazi ya shamba. Kesho yake alichelewa tena.

"Justin, unatoka wapi?"

"Bagira, maman."

"Benzako ba Bagira banafika na saa. Weye peke yako njo unashindwa?"

"Munisamehe, maman."

"Na kesho?"

Alifikiri kidogo. "Kesho pia pengine nitachelewa, maman."

Nikaona ni dharau. Nikamwongezea wiki nzima. Hakunung'unika. Majani yalipokwisha kuzunguka mlingoti, nikampeleka kwenye uzio.

Katika darasa lilelile kulikuwa na msichana aitwaye Nadège. Alikaa safu ya pili, Kifaransa chake kilikuwa cha kwanza darasani, na alifika kila siku kabla ya kengele. Viatu vyake vilikuwa na tope la Bagira. Niliviona, na sikufikiri chochote. Mwanafunzi mzuri hatumuulizi maswali. Tunampita tu, tunakimbilia wanaotusumbua.

Mwezi wa kumi na moja nilikuwa ofisini napanga mafaili ya wanafunzi. Mnajua huku kwetu watoto wa tumbo moja wanaweza kila mmoja kuwa na jina lake kabisa, kwa hiyo kwenye orodha huwezi kuona undugu. Lakini kwenye faili kuna jina la baba na la mama. Nikafungua la Nadège, kisha nikafungua la Justin. Baba mmoja, marehemu. Mama mmoja. Mtaa mmoja kule Bagira. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani. Nikachukua faili zote mbili, nikapanda ngazi mpaka darasani kwao, mwalimu akiwa bado hajafika.

Maman Adolphine alikuwa ameniambia zaidi ya mara moja nisimuulize mtoto mbele ya watu swali ambalo sijui jibu lake. Mimi nilidhani jibu ninalijua, kwa sababu lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi.

"Nadège," nilisema kutoka mlangoni, ninatabasamu. "Kumbe Justin ni kaka yako? Na miezi yote hii hujatuambia?"

Sauti moja kutoka katikati ikasema polepole, "Dada ya Inspekta," na wote wakacheka.

Nadège alisimama. Hakuniangalia mimi, aliangalia ubao, na ubao ulikuwa hauna kitu.

"Hapana, maman," alisema. "Simujue."

Faili zilikuwa mkononi mwangu. Nilikuwa nimefungua mdomo nisome majina ya wazazi wao, kumbe mtu mzima naye anaweza kutaka kushinda mabishano na mtoto, wakati Justin aliposimama kwenye benchi la mwisho, alipokaa peke yake.

"Ni kweli, maman," alisema. "Hatujuane. Majina ya bazazi tu njo inafanana."

Alisema kwa utulivu, lakini macho yake yaliniomba ninyamaze. Nikafunga faili, nikashuka ngazi. Nyuma yangu kicheko kiliendelea.

Kesho yake Justin hakuja. Wala kesho kutwa. Niliandika kwenye rejista kwamba hayupo, siku baada ya siku, nikijiambia amekasirika, atarudi. Wiki ya pili ilipoanza kwisha, mkuu wa shule, ambaye sisi tunamwita prefe, aliniambia kwamba jina la Justin litafutwa kwenye orodha. Sheria ni sheria. Nilikubali kwa kichwa. Nilitaka sana jambo hilo liishe bila mimi kulisema.

Wakati huohuo mwalimu wa historia alinijia akilalamika juu ya Nadège. Msichana amekuwa mzito ghafla, anaomba sentensi irudiwe, hamalizi kuandika, na saa ya mapumziko hatoki nje. Nikapanda kumwangalia. Nilizitikisa funguo mapema, kwenye ngazi. Nilipoingia, alikuwa peke yake, na mkono wake ulikuwa unasukuma daftari chini ya benchi.

"Nipe nione," nilisema.

Yalikuwa madaftari mawili. Yote mawili yalikuwa na somo la asubuhi ile. La kwanza limekamilika. La pili limefika nusu, kwa mwandiko wake uleule, lakini herufi kubwa zaidi na zilizoachana, kama unavyomwandikia mtu asome bila shida.

Nilidhani anamwandikia rafiki mvivu. "Unaandikia nani?"

Nikakaa kwenye benchi la mbele yake, magoti yamebanwa, nikasubiri. Maman Adolphine aliweza kusubiri mpaka mwenye kosa akiri, na asiye na kosa naye atafute la kukiri. Mimi sikuwa hodari hivyo, lakini siku ile nilisubiri.

"Ni ya Justin," alisema mwishowe.

Akanieleza. Kila asubuhi Justin anatoka nyumbani na yunifomu, ili mama yao asijue. Njiani anavua shati la shule, analikunja kwenye mfuko, anaenda mpaka Nyantende kwenye shamba la bibi yao. Analima. Wanafunzi wakikaribia kurudi nyumbani naye anarudi, anavaa shati lake, wanaingia pamoja. Jioni Nadège anampa daftari na anasoma.

"Na mbele ya hapo, kabla hajaacha kuja," nilimuuliza, "mulikuwa munakuja pamoja?"

"Mpaka ku kona ya chini. Pale miye natangulia. Yeye anangoja mpaka niingie, kisha njo anapanda."

"Kila siku?"

"Kila siku, maman."

"Nani alipanga hivyo?"

"Ni miye."

Ndipo nilipozielewa dakika tano. Majani yote yale yaliyong'olewa, mlingoti na uzio, yalikuwa malipo ya dakika tano ambazo kijana yule alimpa dada yake, na hakunitajia jina lake hata siku moja.

Nadège alikuwa analia sasa, bila sauti, anapangusa kwa mkono wa shati. Nilimuuliza kama alipanga hivyo kwa sababu ya jina lile la Inspekta. Akatikisa kichwa.

"Papa alipokufa, bibi alibaki peke yake, na shamba ile njo ilikuwa inatulisha sisi wote. Mama akasema mumoja aende kusaidia. Justin akaacha masomo, akaenda. Miaka tatu. Miye nikaendelea kusoma." Alilifunga daftari lililofika nusu. "Sasa, maman, mwalimu akimuuliza kitu na hajue, na miye najua, nasikia kama ile jibu nilimunyanganya. Klase banamucheka, lakini mwenye kufanya achekwe ni miye. Siwezi kumuangalia. Njo maana nilikuwa nakaa mbele."

Wanangu, nilikuwa nimefanya kazi ya nidhamu miaka mingi, na nilidhani ninayajua mambo yote ambayo watoto wanayaonea haya. Viatu, chakula cha nyumbani, Kifaransa kibovu, mzazi mlevi. Hili sikulijua. Nilikuwa nimemhesabu kama msichana mwenye majivuno anayemkana kaka yake. Kumbe alikuwa anajikimbia mwenyewe.

Nilimwambia, "Jumamosi shule ikiisha, utanipeleka Nyantende."

Jumamosi ile tulienda. Tulimkuta Justin kwenye mstari wa maharagwe, na bibi yake ameketi kando anachambua mbegu kwenye ungo. Aliponiona alilaza jembe kwenye majani kama anayelificha, akapangusa mikono kwenye suruali. Bibi hakuongea Kiswahili, nikamwamkia kwa Mashi yangu ya kubahatisha, akacheka akanipa kigoda. Nikakiacha. Nilichokuja kusema sikutaka kukisema nimekaa.

"Justin, nimekuja kukuomba musamaha."

"Hapana, maman. Mukubwa haombe mutoto musamaha."

"Miye naomba. Jambo lenu nililileta mbele ya watu bila kuwauliza. Na nilikupa adhabu juu ya kitu sikukijua."

Aliangalia mikono yake. Nadège alikuwa nyuma yangu na mfuko wake wa shule.

"Kicheko haikunifukuza, maman," alisema. "Kicheko nilizoea. Nilimuona Nadège anasimama, anasema uongo mbele ya klase nzima, na yeye hajue kusema uongo. Tangu mutoto hajue. Nikasema, nikitoka miye, hatakuwa tena na lazima ya kusema vile."

Nadège hakusema pole, wala hakumkumbatia kama kwenye sinema. Alifungua mfuko, akatoa madaftari, historia, biolojia, Kifaransa, akayapanga juu ya jiwe moja moja.

"Nimechoka kuandika mara mbili," alimwambia. "Kuja uandike ya kwako."

Bibi akauliza kinachoendelea. Justin akamweleza kwa Mashi, na sijui alimweleza nini, lakini bibi alilichukua jembe kwenye majani, akaliweka upande wake na kukalia mpini.

Jumapili baada ya misa nilipita Bagira kumwona mama yao. Alikuwa hajui lolote. Aliwasikiliza watoto wake wote wawili mpaka mwisho, mikono mapajani, kisha akauliza neno moja tu: "Munafichana ju ya nini, na miye niliwazaa wote wawili?" Akaingia jikoni kutuletea chai.

Kwa prefe nilienda mwenyewe, asubuhi mapema. Ilikuwa ngumu kuliko kusimama shambani, kwa sababu prefe aliniamini. Nilimwambia kwamba kama kuna jina la kuandikwa kwenye daftari la makosa wiki ile, liandikwe langu. Alivua miwani akaifuta muda mrefu. "Aje na mama yake," alisema. Mama alikuwa tayari langoni.

Sasa, msinisikie kama ninawaambia kwamba kila kitu kikawa sawa. Asubuhi ile Nadège aliingia darasani, akaipita safu yake ya pili na mfuko mkononi, akaenda kukaa benchi la mwisho, kando ya kaka yake. Nilikuwa mlangoni na rejista. Mtu mmoja akasema, "Inspekta amepata sekretere," na wakacheka.

Nadège aliweka kalamu zake sawa kwanza. Kisha akainua kichwa.

"Ni kaka yangu mukubwa," alisema. "Leo asubuhi tulitoka nyumba moja. Nani iko na swali?"

Nilianza kuita majina. Justin alipojibu kwamba yupo, sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu yeyote.

Kicheko kiliendelea kama wiki mbili hivi, kinapungua, kinarudi, kinapungua tena. Aliyetengeneza ile picha nilimwita ofisini peke yake. Sikumwonyesha picha, wala sikumfokea. Nilimuuliza kama kwao kuna mtu aliyekatiza masomo. Akakuna mkono, kisha akasema dada yake mkubwa. Nikamwambia arudi darasani. Picha kwenye kikundi sikuiona tena, ingawa mimi na simu hatuelewani, labda ilihamia mahali pengine. Jina la Inspekta halikufa. Ila Justin alianza kuliitikia, na jina ambalo mwenyewe analiitikia linachosha wanaolitumia.

Wajukuu wangu wanataka kanuni, niwape chache. Kama wewe ni mgeni shuleni na hujui pa kusimama saa ya mapumziko, simama karibu na bomba la maji, kila mtu atapita pale, na mmoja atakusemesha. Kama wanakucheka, tafuta mtu mmoja, si kumi, wa kukaa naye benchi moja. Kama wewe ndiye unayemcheka mwenzako, jiulize unamjua kutoka wapi mpaka wapi, maana mimi niliyekuwa na faili yake mkononi sikumjua. Na kama kuna mtu wa kwenu unayemkimbia ukifika langoni, zungumza naye njiani kabla hamjafika. Justin na Nadège walitembea njia ile ndefu kila asubuhi kwa miezi, na jambo lile hawakuligusa. Hayo ndiyo niliyoyaona. Mengine mtayaona wenyewe.

Mwaka wa nne walifanya mtihani wa Serikali pamoja. Matokeo yalipotoka, Nadège alipita. Justin alianguka. Miaka mitatu ya shamba haifutiki kwa miaka miwili ya benchi, na hisabati ilimshinda. Nilienda Bagira mchana ule, nikiogopa nitakachokikuta. Nilimkuta Justin na kopo la poda, anammwagia dada yake kichwani kama tunavyowafanyia waliofaulu, anacheka, na Nadège ameketi kwenye kigoda ameduwaa, mweupe mpaka kwenye kope, anamwambia, "Acha, Justin, acha." Hakuacha mpaka kopo likaisha.

Justin naye alipita, lakini mwaka mmoja baadaye. Sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na wazazi wanasema ana subira. Watu wa mtaa wao wanaikumbuka siku ile ya poda yake, walicheza barabarani mpaka magari yakasimama. Mimi naikumbuka siku nyingine, ya mwezi wa tisa, baada ya kuanguka kwake na kabla ya kupita.

Ilikuwa siku ya kuandikisha wanafunzi. Nilikuwa ofisini, foleni ni ndefu, watoto wa miaka kumi na miwili wameshika mikono ya mama zao. Nikainua macho, nikamwona Justin katika foleni, anamzidi kila mtu kwa kichwa na mabega, yunifomu imepigwa pasi. Dada yake alikuwa ameshaingia chuo kikuu. Darasani hatakuwa na mtu wa kwao, wala mwenzake hata mmoja wa zamani. Alifika mbele ya meza yangu.

"Maman, muniandike tena."

"Justin, umefikiri vizuri? Mwaka muzima, na batoto bapya."

"Nimefikiri."

"Na bakikucheka?"

Aliangalia nyuma, kwenye ile foleni ya watoto.

"Batacheka," alisema. "Kisha batachoka."

Nikafungua rejista kwenye ukurasa mpya, nikaandika jina lake.